Sura ya Nne: Kioo cha Tatu

Ngazi ya kwenda chumba cha mashine ilikuwa ya chuma, nyembamba, imesimama wima kama ya kupandia tangi la maji, na Sajini Dionis Lugembe alikwisha ipanda mara nyingi kuliko magoti yake yalivyopenda. Alipofika juu alishika mlango, akavuta pumzi, akangoja mpaka ikakaa sawa ndipo akaingia. Chini ukumbini fagio lilikuwa linapita taratibu katikati ya viti. Asubuhi ya Jumamosi sinema ni nyumba kama nyumba nyingine tu. Inanuka vumbi, maganda ya karanga na jasho la watu wa juzi.

Kioo kilikuwa pale pale mezani, kwenye sinia, vipande vyake vimesogezwa pamoja kama sahani ambayo mtu amejaribu kuiunga.

Hakikuwa kioo cha kujitazamia. Kilikuwa kimebonyea kama bakuli, kipana kama ungo mdogo, na mahali pake palikuwa nyuma kabisa ndani ya sanduku la taa la mashine ya kuonyeshea picha. Mbele yake vijiti viwili vya makaa, vimevishwa shaba nyembamba, hugusanishwa kisha huachanishwa kidogo. Umeme unaruka katikati, unazuka mwanga wa kuumiza macho, na kioo kinaukusanya wote na kuutupa mbele kwenye filamu. Kioo kikifa, mashine inaweza kuzunguka hadi asubuhi na mtu asione kitu.

Hicho kilikuwa cha tatu tangu mvua zianze. Kila kimoja kilitoka Ulaya kwa meli, kisha Dar es Salaam kwa gari moshi, na mwenye sinema, Bwana Velji, alikuwa amesimama nyuma ya Lugembe akilirudia jambo hilo kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulirudia kwa kila mteja. Alisema mwendeshaji mashine wake, Abbasi Mrisho, ndiye aliyevunja. Babake Abbasi alifia Ujiji mvua zikikaribia. Abbasi akaomba ruhusa ya kwenda kuzika, akanyimwa kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuendesha mashine. Akasema mbele ya watu, pale kwenye duka la chai, kwamba tajiri huyu naye ataona uchungu wa kukosa. Wiki hiyo hiyo kioo cha kwanza kikapasuka.

Ndiyo maana Abbasi alikuwa korokoroni tangu Alhamisi. Jumatatu angesimama mbele ya hakimu kwa kosa la kuharibu mali ya tajiri wake kwa kusudi, na wenye kujua sheria walikwisha mwambia mkewe atafute ndugu wa kumtunza. Bwana Inspekta, Mwingereza mkubwa wa kituo, alitaka maelezo ya Lugembe mezani leo, kabla hajaenda kwenye tenisi yake.

"Ulisema pia kuna Saidi," Lugembe alimwambia Velji bila kugeuka.

Naam, Saidi alikuwa mwendeshaji wa kwanza, akafukuzwa kwa ulevi, akaondoka akilaani mpaka misumari ya viti. Anakaa Cheyo, anatengeneza majiko ya mafuta ya taa. Lakini Velji alimtaja kama mtu anayetaja mkia baada ya kichwa. Kichwa kilikuwa Abbasi.

Lugembe alikiinua kipande kimoja akakipeleka dirishani. Upande wa mbele kilikuwa na vidonda vidogo vidogo, na katika kila kidonda chembe ya shaba imeng'ang'ania. Aligusa, zilikwaruza. Kisha akatazama mpasuko wenyewe. Ulianza ukingoni, ukapita katikati, ukaishia ukingo wa pili, umepinda kidogo kama njia ya mchwa. Alitafuta mahali palipopigwa, pale ambapo nyundo au jiwe lingeacha alama kama ya utando wa buibui. Hapakuwapo. Aliingiza mkono ndani ya sanduku la taa, akapapasa kishikio cha kioo, chuma kwa chuma. Hakuna kilichobonyea, hakuna kilicholegea.

Pembeni mwa kipande, upande huo huo wa mbele, palikuwa na doa jeusi. Masizi, alisema jana. Leo alilowesha kidole kwa mate akalisugua. Kidole kilirudi na rangi ya buluu iliyokolea, na uzi mmoja mfupi ulioungua.

Alikifunga kipande katika leso, akashuka. Kwenye vidato vya ngazi palikuwa na tope jekundu lililokaukia, limechapwa mistari ya tairi la gari. Alilitazama kila kidato mpaka chini, maana kwa vyovyote alikuwa anashuka kidato kidato.

Kwenda Cheyo alitembea, kwa sababu baisikeli ya serikali ilikuwa na pancha tangu juzi na hakuna aliyekubali kuwa ndiye aliyeipanda mwisho. Alipita kipande cha barabara ya zamani, ile ya misafara ya kwenda Ujiji, ambayo mvua ilikuwa imeifanya bonde. Wapagazi wa zamani waliikanyaga na pembe za ndovu mabegani; yeye aliikanyaga na kipande cha kioo mfukoni, na bado buti zilimzidi uzito.

Saidi alikuwa barazani, jiko limefunguliwa mapajani, mguu wa kulia umenyooshwa juu ya kibao. Ulikuwa umefungwa kwa vipande vya miti na kitambaa, umevimba hadi vidole.

"Karibu, Sajini. Usinione sinyanyuki, mguu huu umenikataa. Baisikeli ilinitupa darajani tangu Maulidi."

Lugembe alitazama mguu, akatazama fimbo iliyoegemezwa ukutani, akaikumbuka ile ngazi. Kioo cha pili na cha tatu vyote vilipasuka baada ya Maulidi. Akaketi bila kukaribishwa mara ya pili. Alikuja Cheyo na mtuhumiwa, sasa hana.

"Velji kanitaja," Saidi alisema akicheka kidogo. "Hata mvua isiponyesha atanitaja. Haya, nione hicho kilichokuvunja moyo."

Alipokipata kipande alikipitisha kidole gumba juu ya vile vidonda, uso ukamkunjamana. Akaeleza kwamba kuna kibao cha chuma cha kushushwa mbele ya kioo wakati vijiti vinapowashwa, maana shaba huruka kama mafuta ya kukaangia. Abbasi hakishushi, ana haraka. Vidonda hivyo ni vyake, na mtu akisema si vyake ni mwongo.

"Basi ndiye," Lugembe alisema.

"Ndiye wa vidonda. Kioo chenye vidonda kinaonyesha picha yenye ukungu, hakipasuki hivi. Hiki kimepata baridi kikiwa cha moto; ufa huanza kimya, moto ukirudi hufunguka. Huo mlango wa sanduku ulikuwa wazi au umefungwa?"

Abbasi aliandikisha kwamba aliufunga, na kwamba hakutoka chumbani tangu picha ianze. Lugembe alimwambia hivyo.

Saidi alirudisha kipande, akachukua jiko lake. "Nami niliandikisha kwamba sinywi," akasema.

Kituoni, koplo wa zamu alimpa Lugembe bahasha ya vitu vya mahabusu, na chini ya kaunta kubadhi za Abbasi, viatu vya wazi vilivyokatwa kutoka tairi la gari. Lugembe alizigeuza. Tope jekundu lilikuwa limejaa kwenye mistari. Akazichukua mkononi, akafunguliwa mlango wa korokoroni.

Abbasi alikuwa mtu mwembamba wa makamo, ndevu zimekatwa vizuri, kanzu imechafuka kwa sakafu ya serikali. Alisimama.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Keti." Lugembe naye aliketi kwenye ukingo wa saruji, akaziweka kubadhi kati yao. "Juzi ulisema hukutoka chumbani."

"Sikutoka."

"Mvua ilianza watu wakiwa wamekwisha ingia. Ulipoingia kazini ardhi ilikuwa kavu. Sasa tope hili lilipanda ngazi lenyewe?"

Abbasi alizitazama kubadhi zake kama watoto waliomtia aibu mbele ya wageni. Nje mwanamke alikuwa anakohoa. Alikuwa mkewe, Kuluthumu, amekaa chini ya ukingo wa paa na kikapu cha chakula.

Hatimaye alisema, na alisema kwa sauti ya chini. Chumba chenye filamu hakiachwi peke yake, ndiyo sharti la kwanza la leseni, maana filamu ikishika moto nyumba nzima inakwenda. Mwendeshaji akikutwa ametoka, leseni inachukuliwa. Lakini wakati wa mapumziko ndipo inapoadhiniwa isha, na msikiti uko ng'ambo ya barabara tu. Tangu babake afariki hajaiacha isha ya jamaa pale msikitini hata moja. Hakupata kumzika, alau amwombee. Basi anazima taa, anafungua mlango wa sanduku ili vijiti vipoe abadilishe asiungue vidole, anavuka, anaswali, anarudi. Akirudi anawasha. Na mara tatu hizo, alipowasha tu, kioo kilisema ta, kikafunguka.

"Ukisema hayo kwa hakimu, utapona jela."

"Na leseni itakwenda. Nitawasha nini tena, afande? Kibatari?"

"Aliyebaki na mashine ni nani?"

"Hakuna. Mama Apolinaria, yule anayefagia, hukaa chini ya ngazi asipande mtu. Yeye ni mtu wa tasbihi, hata hiyo mashine anaionea haya."

Lugembe alijikanda magoti. Aliuliza kama mara zote tatu mvua ilinyesha. Abbasi akafikiri. Juzi ndiyo, alirudi ameloa. Mara ya pili ndiyo, usiku ule radi ilipoua ng'ombe mnadani. Mara ya kwanza ilikuwa mvua ya kwanza kabisa, yenye ngurumo kuliko maji.

"Ngurumo mara zote," Lugembe alisema.

"Mara zote. Lakini radi ingeingia ningeikuta mashine imeungua, siyo kioo peke yake."

Lugembe aliinuka kwa kushika ukuta. Kubadhi aliziacha.

Apolinaria alikuwa amemaliza ukumbi, sasa anafagia kile kibaraza cha nyuma cha sinema. Alikuwa mama mtu mzima, mrefu, mwenye kwao upande wa Kipalapala, ambako wakulima huamka kwa kengele ya seminari. Tasbihi ilikuwa shingoni, kaniki moja kiunoni na nyingine mabegani, zote mbili za buluu iliyofifia kwa kufuliwa.

"Mwangaluka, mayo," Lugembe alimwamkia kwa lugha ya nyumbani.

"Mwangaluka, mwanangu. Umechoka. Keti hapo pasipo maji."

Aliketi. Akauliza habari za watoto, akaulizwa habari za mkewe, na hayo yakachukua muda wake unaostahili. Mbali, upande wa reli, mawingu yalikuwa yanakusanyika tena. Apolinaria aliyatazama, akaivuta kaniki ya juu ikamfunika kichwa. Hapo pindoni, karibu na mkono wake, Lugembe aliona alama ya kuungua, kahawia, imepinda kama ukingo wa bakuli.

Alitoa leso, akaifungua, akakiweka kipande cha kioo sakafuni, upande wa doa juu.

"Mama, unakijua hiki?"

"Kioo cha Abbasi." Alipiga ishara ya msalaba. "Kilipatwa."

"Kilipatwa na nini?"

"Na radi. Wewe kwenu hamjui radi?" Alimtazama kama anavyotazamwa mtoto wa shule aliyerudi likizo na maswali. Kisha, kwa kuwa aliulizwa kwa upole, alieleza. Mumewe, marehemu Ambrosi, alikuwa ananyoa ndevu barazani, kioo kimetundikwa ukutani, wingu liko mbali kabisa, hata matone hayajaanza. Radi ilikifuata kioo. Alimkuta ameanguka, wembe bado mkononi. Tangu siku hiyo, wingu likinguruma, kwake hakuna kinachong'aa kinachobaki wazi, hata kijiko. Na kioo kikubwa namna ile, tena mlango wake uko wazi, tena ukumbi umejaa watoto wa watu?

"Kwa hiyo ulikifunika."

"Nilipanda nikakifunika. Ningeacha?"

"Kwa kitu gani?"

"Kwa hii." Alishika kaniki ya mabegani. "Nilikuwa nimetoka kufunga lango la nje. Ngurumo ilipopita nikaitoa, nikashuka. Sikutaka Abbasi anione, angenicheka. Vijana wa mashine wanacheka."

"Ilikuwa imeloa."

"Mvua ilikuwa inanyesha, mwanangu."

Kando ya mlango palikuwa na kandili ya mlinzi, chemni yake ya kioo imefungwa waya.

"Mama, chemni ya kandili ikiwa imewaka, ikadondokewa na tone moja la mvua, inafanyaje?"

"Inapasuka. Hata mtoto..."

Hakumaliza. Alikitazama kioo, akaitazama pindo ya kaniki, vidole vyake vikaitafuta alama ya kuungua vikaikuta. Fagio liliteleza likalala sakafuni. Alipoongea tena sauti ilikuwa kavu.

"Cha kwanza kilipopasuka nilisema nimechelewa, radi imeniwahi. Cha pili nikakimbia. Na juzi nilikimbia zaidi, Dionis. Nilipanda ngazi ile ngurumo ya kwanza haijaisha, ili niiwahi radi, kumbe nakiwahi kingali cha moto." Akajishika mdomo. "Abbasi amefungwa kwa hili?"

"Jumatatu anakwenda kwa hakimu."

Apolinaria alifunga kaniki vizuri, akatafuta kandambili zake, akatangulia barabarani. Lugembe alilazimika kuongeza mwendo kumfuata.

Bwana Inspekta alisikiliza akiwa amesimama, kaptura nyeupe, raketi ya tenisi mezani juu ya majalada. Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha, lakini alikielewa. Alimsikiliza Lugembe, akamsikiliza Apolinaria, ambaye hakuomba radhi wala hakulia. Alisema alichofanya, akainua kaniki, na Lugembe akakiweka kipande cha kioo juu ya ile alama ya kuungua. Ukingo ulikaa juu ya ukingo.

"Hapana, Sajini," Bwana Inspekta alisema. "Mimi nimekaa nchi hii tangu kabla ya vita. Mtu mwenye akili timamu hawezi kwenda kufunika kioo cha mashine kwa sababu mawingu yananguruma. Huyu mama anamwokoa jirani yake. Wamepanga. Nani atakubali hadithi hii mahakamani? Andika upya."

Lugembe alisema ndiyo, Bwana, kwa sauti ya mtu aliyekwisha andika upya mambo mengi. Alianza kukifunga kioo katika leso. Dirishani paligeuka kijivu, upepo ukapiga mlango, karatasi mbili zikaanguka, hakuna aliyeziokota.

Ngurumo ilikuja kutoka upande wa stesheni, ndefu, ikatikisa bati.

Karibu na mlango palikuwa na kioo kidogo cha mraba, kile cha askari kutengenezea kofia kabla ya gwaride. Konstebo Nassibu, aliyekuwa amesimama wima hapo tangu mwanzo bila kusikika hata akipumua, aliitoa sweta yake ya serikali kwenye msumari, akaitandaza juu ya kioo, akaipapasa ikae, akarudi kusimama wima. Uso wake haukubadilika. Hakuonekana kujua kwamba amefanya jambo.

Mvua ikaanza kupiga bati.

"Nassibu," Bwana Inspekta alisema. "Umefanya nini hapo?"

"Wapi, Bwana?"

"Hapo kwenye kioo."

Nassibu aligeuka akakitazama, kisha akamtazama mkubwa wake kwa huruma ya adabu. "Radi, Bwana."

Bwana Inspekta aliitazama sweta. Akamtazama Apolinaria, akaitazama raketi yake, na mwishowe akachukua karatasi ya shtaka, akaandika mstari mmoja, akatia sahihi. Kuhusu kutoka chumbani hakuuliza, na Lugembe, ambaye hakulitia katika maelezo yake, hakumkumbusha.

Abbasi alitolewa akiwa na kubadhi mkononi. Kuluthumu alisimama na kikapu chake, akakaa tena. Apolinaria alimwendea Abbasi moja kwa moja akamweleza mwenyewe, maneno machache, akisimama mbali naye kama mtu anayengoja kupigwa.

Abbasi alisikiliza hadi mwisho. Alifuta uso kwa mkono wa kanzu.

"Mama," akasema, "lile sanduku ni la chuma. Lina mlango. Nami ndiye niliyekuwa nauacha wazi. Siku nyingine funga mlango tu, imetosha."

"Mlango unatosha?"

"Chuma kizima, mama. Kaniki jifunike wewe."

Apolinaria aliliwaza hilo kwa makini, mashavu yamelowa, akatikisa kichwa kukubali. Wakatoka watatu katika mvua, kikapu juu ya kichwa cha Kuluthumu, wakishikana wasiteleze.

Lugembe alibaki kuandika. Bwana Inspekta alikuwa amekwisha kwenda, tenisi au si tenisi. Ngurumo nyingine ikapita juu ya paa, karibu zaidi. Lugembe aliweka kalamu chini. Sweta ya Nassibu ilikuwa imeteleza upande, kona moja ya kioo iko wazi, inameta. Akanyanyuka, magoti yakalalamika, akaenda akaivuta mpaka ikaifunika ile kona.